Saruji Kwenye Gari la Wagonjwa

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya dagaa. Nilikuwa kijana, shule niliiacha darasa la nne, lakini mashine ya boti niliifungua na kuifunga nikiwa nimefumba macho. Kikundi chetu cha kusaidia wagonjwa wa visiwani kilikuwa kimeletewa mashine mpya na wafadhili. Serikali ikaipa msamaha wa ushuru kwa sharti moja: ibebe wagonjwa, basi. Nahodha nilikuwa mimi. Nilitia sahihi bila kusoma.

Sasa sikia ujinga. Asubuhi hiyo kisiwani hakukuwa na mgonjwa, nikapakia magunia ya dagaa ya wafanyabiashara, nikaja nayo sokoni Mwaloni. (Dagaa wa enzi zile walikuwa wanono, hawa wa leo sijui wanakula nini. Tuyaache.) Watu wa ushuru wakanipokea.

"Nahodha," mmoja akafunua gunia, "huyu mgonjwa wako anaumwa nini?"

Soko zima likacheka.

"Mkuu, boti ilikuwa inakuja tupu. Wamenichangia mafuta tu."

"Mashine ya kubebea dagaa inalipiwa ushuru. Shuka."

Boti ikafungwa mnyororo. Nami nikanuna: sisi tunasaidia watu, hatutafuti faida, ushuru unatuhusu nini?

Mchana ukafika mtumbwi wa makasia. Ndani yumo Mama Nyangoma, mkunga wetu wa kisiwani, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu mara tu nilipoondoka. Mtoto alikuwa amezaliwa ziwani, hakulia hata mara moja. Nikamwamkia Mama Nyangoma.

"Shikamoo yako kawape dagaa," akasema. "Nilisimama ufukweni nikakupungia kitenge. Hukuniona?"

"Nilikuona, mama. Nilidhani unaniaga."

Mpaka anazikwa hakuwahi kuniitikia shikamoo tena.

Sasa wewe, mwanangu, una shirika lako pale Igoma. Juzi nimeliona gari lenu la msamaha, mlangoni limeandikwa Wagonjwa, nyuma limejaa saruji ya nyumba ya mwenyekiti wenu! Dereva ananiambia, "Mzee wangu, sisi ni shirika, mambo ya ushuru hayatuhusu." Yanawahusu! Mama muuza ndizi wa hapo barabarani analipa kodi yake. Ninyi mmesamehewa kwa ajili ya mgonjwa, mnambebea mwenyekiti saruji. Huo ni wizi, hata mkiupigia mhuri.

Basi nisikilize. Soma masharti kabla ya kutia sahihi. Ukitaka gari lifanye kazi nyingine, omba ruhusa kwanza, na ukiambiwa ulipe, lipa. Taarifa zenu za kodi zipelekeni kwa wakati, hata mwaka ambao hamkupata faida yoyote. Usichokielewa kaulize, mimi niliuliza tukiwa tumeshatoka makaburini.

Nenda ukaishushe hiyo saruji. Ukishaishusha, Mungu alilinde gari lako njia nzima, na kila mama utakayempakia arudi nyumbani na mtoto anayelia.