Kuinuka Mkekani kwa Mama Mkwe

Nilipoolewa Chanika, Handeni, mama mkwe wangu alinipokea kwa maneno machache. Mimi nilikuwa Msambaa niliyetoka milimani. Yeye Mzigua aliyezoea kuishi peke yake tangu mumewe afariki. Wiki za mwanzo tulipukuchua mahindi pamoja bila kujua la kuzungumza. Alasiri moja akatoa karata zilizolainika kama kitambaa, akaniuliza kama najua kucheza. Nikamwambia najua kidogo.

Tangu hapo tukawa tunacheza kila siku akishasali alasiri, wawili tu, mkekani nyuma ya nyumba. Aliyeshindwa aliosha vyombo vya jioni. Mwezi mzima niliosha mimi.

Siku moja nikamfunga mara nne mfululizo. Tamthiliya niliyoipenda ilikuwa inaanza kwa jirani mwenye televisheni, basi nikabwaga karata, nikainuka nikicheka. Niliporudi nilikuta vyombo vimeshaoshwa, na kwa siku tatu karata hazikutoka kabatini.

Nilimweleza mume wangu, akaniambia nikamuulize mama mwenyewe. Nikaenda, nikapiga magoti, nikasema kama nimekosa anisamehe.

"Kushinda si kosa," akasema. "Lakini tuko wawili tu, mwanangu. Ukiinuka, mimi nabaki na nani? Anayeongoza akitaka kuondoka huaga mapema, kisha humpa mwenzake mchezo mmoja wa mwisho. Aliyeshindwa ndiye anayesema basi."

Akaniambia hivyo ndivyo alivyofundishwa na marehemu mumewe, ambaye hakuwahi kumwacha mkekani bila kumuuliza kama ameridhika. Alisema huku akitazama pembeni. Nikaona aibu. Siku zote nilidhani namsindikiza mzee muda upite. Kumbe alikuwa amenikalisha mahali pa mtu.

Tulicheza miaka minne. Mume wangu alipohamishiwa kazi Korogwe tukapanga nyumba Kilole, na nilimsihi mama tuhame naye. Akakataa kuliacha shamba lake la mihogo.

Sasa macho yake yamefifia, hatofautishi kopa na uru. Nikienda kumsalimia natandika mkeka, namsomea karata zake kwa sauti ya chini, kisha najitahidi kuzisahau. Bado ananifunga, na kila mara ananiuliza kwa utani huko Kilole ninajifunza nini kama karata bado zinanishinda.