Magavana Wenye Kofia za Manyoya

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu magavana wa zamani wa Kisiwa cha Man, nikazitambua zile kofia za manyoya.

Utotoni kule Bluff, mtaa wa wajukuu wa Wazanzibari kusini mwa Afrika, binamu yangu Hamisi aliletewa picha yao na mama yake kutoka nyumba ya Wazungu alikokuwa akipika, akaibandika ukutani kwa uji wa unga. Chini yake yalibaki majina na maneno "Magavana wa Kisiwa" tu. Kwetu kisiwa kilikuwa kimoja tu, Zanzibar. Bibi aliamini hao ndio waliowatawala wazee wetu. Kila alasiri, harufu ya samaki wa kukaanga ikiwa imejaa chumbani, alimwita Hamisi: "Njoo, bwana mdogo, nisomee majina yao." Mimi pia nilijua kusoma. Hakuniita hata siku moja, na wivu ulinikaba kuliko moshi wa mafuta.

Siku moja niliwatoboa macho magavana wote pichani kwa mwiba. Bibi alipouliza, nilimtaja Hamisi. Alichapwa, wala hakunitaja.

Basi juzi hiyo nilimpelekea Hamisi ile simu, mtaa wa pili hapa Chatsworth tunakoishi sasa.

"Hawakuwa wetu, Hamisi. Kisiwa chao kiko Ulaya."

Akavaa miwani, akacheka. "Eish! Na Bibi alivyowaombea dua!" Kisha akamgusa mmoja kwa kidole. "Huyu ndiye uliyeanza kumtoboa macho. Nilikuwa mlangoni."