Mtu wa Mwavuli Anaenda au Anarudi

Ukitoka Kitengela kwenda Isinya utaiona bucha iliyochorwa mbuzi ukutani. Mtazame vizuri huyo mbuzi. Macho yake ni makubwa kama visahani, ndani ya kila jicho zinang'aa nyota, na chozi limesimama kwenye kope bila kuamua kama litaanguka. Siku za kwanza wateja walikuwa wakifika pale, wakimtazama, kisha wanavuka barabara kwenda kununua maharagwe. Mwenye bucha alitaka kulia kuliko mbuzi mwenyewe.

Ile ni kazi ya jirani yangu Syokau. Mimi naitwa Katee, nina duka la fotokopi hapa Kitengela, na karibu kila kitu alichokichora msichana huyo kimepitia mashine yangu. Ananisumbua, sikatai. Lakini nikikaa siku nyingi bila kumwona naanza kuchungulia mlangoni.

Mambo yalianzia kwenye mkoba. Mama yake, Celine, anauza mikoba ya mitumba sokoni, na siku moja alikuta kitabu kidogo kinene ndani ya mfuko wa mkoba mmoja. Kilikuwa kitabu cha picha kutoka Japani. Maandishi yake hakuna aliyeyajua. Akampa Syokau, wakati huo bado wa shule ya msingi, ili anyamaze. Ulikuwa mwaka ambao baba yake, Musila, dereva wa lori, alivuka mpaka wa Namanga kama kawaida yake na hakurudi. Alipiga simu kwa miezi kadhaa, kisha ikawa ni yule mwanamke wa simu anayesema mteja hapatikani. Koti lake lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila Krismasi Celine alilifua, akalipiga pasi, akalirudisha pale pale.

Syokau alikifungua kitabu kama tunavyofungua vitabu sote, na hivi ndivyo alivyokisoma: msichana yuko peke yake dirishani, nyumba tupu. Mbali, juu ya daraja, mwavuli mdogo. Kurasa zinafuata, mvua inanyesha kwa mistari myembamba, mwavuli unakua. Mkono uko kwenye mlango. Viatu viko kizingitini. Mwishowe mezani kuna bakuli zinazofuka moshi, na msichana anacheka mpaka macho yamefumba.

"Anarudi," aliniambia siku hiyo, akiwa amekikumbatia. "Uncle, huyu baba anarudi."

Nikampa karatasi tupu achore.

Basi akakinakili kitabu kile mwaka baada ya mwaka, na hiyo ndiyo shule yake ya uchoraji. Mchoraji wake, tuliyemdhani mwanamke ingawa tulimjua kwa picha tu ya bundi mwenye miwani aliyojichora ukurasa wa mwisho, hakumwonyesha yule baba mzima hata mara moja. Utaona mkono, kiatu, mwavuli, basi. Kinachobaki ni weupe. Ukiutazama ule weupe kwa muda unahisi kuna mtu amepumua ndani yake. Vivuli vilikuwa vya nukta ndogo ndogo, na Syokau alizidondoa moja moja kwa ncha ya kalamu, bila kujua kwamba Wajapani huzibandika zikiwa zimechapwa tayari kwenye karatasi ya gundi. Ndiyo maana vumbi lake ni vumbi kweli. Unaweza kulipiga chafya. Naye akajichora chini ya kila kazi kama punda wa kubeba maji, masikio yamelala.

Alipomaliza shule alichora mabango: saluni, bucha, kinyozi. Jioni alitengeneza hadithi za picha na kuziweka kwenye simu, hadithi zisizo na maneno, ambamo tambarare ya Kajiado inaelea kwenye ukungu wa asubuhi na twiga hupita wakiwa shingo tupu. Watu wakazipenda. Kikundi cha vijana wa Nairobi wanaochapisha hadithi za picha kikamwomba kitabu kizima. Akaamua kuchora baba anayerudi kutoka Namanga. Nilijua anachofanya. Alikuwa anamwita.

Alikuwa amebakisha kurasa chache alipoingia Ugbad dukani kwangu. Ugbad ni binti wa Burale mwenye duka la vitambaa hapa jirani, rafiki wa Syokau tangu utotoni, ila walikuwa wakichezea nje na kitabu kile hakikuwa kimeletwa michezoni. Siku hiyo kilikuwa juu ya kaunta yangu. Ugbad alikichukua akakifungua kwa upande wa kulia bila kufikiri, jinsi mkono wake ulivyozoea tangu madrasa. Akasoma chote kimya kimya. Alipokifunga, macho yalikuwa yamelowa.

"Maskini huyu msichana," akasema. "Babake alienda tu hivyo?"

"Alienda wapi?" Syokau akacheka. "Si anarudi? Umeanzia nyuma."

"Wewe ndio unaanzia nyuma, Syokau. Kinaanza huku, kama msahafu. Ona, hapa wanakula. Hapa anavaa viatu. Hapa ako kwa daraja, anakuwa mdogo, mdogo..." Akakishusha kitabu. Alikuwa amemwona rafiki yake usoni.

Wakaangalia kwenye simu. Ni kweli, vitabu vya Japani hufunguliwa upande huo.

Syokau aliweka kalamu chini, na wiki zikapita. Alikuwa akikaa kwenye kigoda mbele ya duka langu akitazama upepo ukibeba vumbi kuelekea Isinya, uso wake mtupu kama kurasa zile. Mimi nilimkasirikia Ugbad, nikamkasirikia bundi mwenye miwani, nikaikasirikia Japani nzima. Niliumia, nisifiche. Nilimpenda mtoto huyu alipokuwa na tumaini la uongo kuliko nilivyoweza kumvumilia bila tumaini.

Halafu asubuhi moja ya ukungu akanigeukia. "Uncle, yule mama wa bundi hakunidanganya. Mwavuli ulikuwa kwa daraja. Hakusema unaenda wapi."

Akaanza kazi upya. Alipoileta sikujua niibane pini upande upi.

"Jalada ni lipi?" nikauliza.

"Zote mbili."

"Kitabu kina mgongo na tumbo, Syokau. Hakina matumbo mawili."

"Hiki kiko nayo. Bana tu."

Nikabana, nikinung'unika. Hakukuwa na mtu ndani, ni koti tu. Koti mezani, koti mlangoni, koti kwenye vumbi la barabara, koti dogo kabisa penye geti la mpakani. Anza kushoto, linakuja. Anza kulia, linaenda.

Celine alipita jioni akitoka sokoni, mikoba begani. Miaka yote aliita kazi ile vikatuni, wala hakuwahi kuiangalia. Syokau akamkabidhi nakala ya kwanza. 

"Naanzia wapi?"

"Upande wowote, mum."

Celine alikigeuza, akakigeuza tena. Nilimwomba Mungu aanzie kushoto. Akafungua kulia. Akasoma amesimama, polepole, akilitazama koti likitoka mezani mpaka linapotelea vumbini, mpaka ukurasa wa mwisho: ukuta mweupe, na msumari.

"Hapa hujachora koti," akasema.

"Ameenda nalo, mum."

Celine aliweka kidole juu ya msumari ule akakiacha pale. Kisha akamshika binti yake shingoni, akamvuta, wakalia wote wawili katikati ya duka langu, na mteja aliyetaka fotokopi ya kitambulisho akaambiwa arudi kesho.

Jumamosi iliyofuata koti lilikuwa limetundikwa kibandani kwa Celine, limepigwa pasi, kati ya mikoba. Mchungaji mmoja wa Kimaasai akalijaribu, likamkaa vizuri, akauliza bei. Celine akamtajia bila kusita.

Mchungaji huyo sasa hupitisha ng'ombe mbele ya duka langu, koti likiwa mwilini. "Sopa, Mzee Katee," hunisalimu. Syokau akiwa kwenye kigoda huacha alichokuwa akichora akalitazama lile koti mpaka vumbi lilimeze. Asubuhi linaenda. Jioni linarudi.