Dakika Tatu Hakuazimisha Mkono

Kwenye boti ya kukagua maboya ya bandari wanamwita Dakika Tatu, naye huitika. Jina hilo alipewa kwa kejeli. Kila anapotoka kuzama husimama mita tano chini ya uso wa maji, ameshika kamba, dakika tatu kamili, hata siku ambayo kazi ilikuwa fupi na wenzake wameshavua mapezi na kuanza kula.

"Dakika Tatu yuko kwenye foleni," husema Kapteni, mkuu wa boti, na watu hucheka.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mama wa wasichana wawili waliozoea kusogeza suti ya mpira inayochuruzika bafuni ndipo waoge. Kompyuta yake ya kuzamia, ambayo wazamiaji huiita saa kwa kuwa huvaliwa mkononi, hukaa juu ya kabati karibu na miwani ya kusomea. Hupima kina na muda, kisha hukadiria gesi iliyoingia mwilini, ambayo isipopewa muda wa kutoka polepole mtu anapopanda huweza kumlemaza. Ukipanda haraka, hulia. Ikikuamuru usimame nawe ukakaidi, hujifunga siku nzima au mbili na kukataa kukuhesabia tena.

Wenzake wana dawa yao ya saa iliyojifunga. Wanaiita kuazima mkono. Unachukua saa ya mwenzako ambaye hajazama siku hiyo, unaivaa, unarudi chini. Kwa saa hiyo wewe ni mtu mpya. Haijui kwamba mwili wako bado umebeba gesi ya asubuhi. Ni udanganyifu, na sitautafutia jina la upole.

Dakika Tatu naye aliwahi kuazimisha. Miaka kumi na miwili iliyopita alimpa saa yake fundi aliyemfundisha kazi, kwa sababu aliona haya kumkatalia mkubwa wake. Fundi yule leo anatembea kwa fimbo. Dakika Tatu huenda kumsalimia kila mwisho wa mwezi, na mzee hajawahi kumlaumu hata siku moja. Hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Siku ninayoisimulia alikuwa na mafua. Mwenye mafua hazami, kwa hiyo alibaki juu kushika kamba, na shemeji yake, mume wa mdogo wake, akashuka mita thelathini kubadilisha pini ya mnyororo wa boya. Pini ikagoma kuingia. Ilikuwa nene mno, na shemeji hakuipima kabla ya kushuka. Akahangaika nayo hadi muda ukapita. Alipoanza kupanda, saa ilimwamuru asimame dakika nane. Hakusimama hata moja. Alitaka pini nyingine arudi chini upesi.

Akaibuka saa ikipiga kelele.

"Shemeji, hukusimama," Dakika Tatu alisema.

"Ah, shem, usianze. Hiki kidude kinalia hata nikikohoa. Nipe pini nyembamba." Kisha akatazama mkononi, akaona saa imejifunga. "Basi nipe na yako. Si imelala kavu tangu juzi?"

"Sikupi."

"Nusu saa tu!"

"Hata nusu dakika."

Kapteni akasogea. "Mama, meli inaingia jioni. Mpe mwenzio tumalize. Nani hapa hajaazima mkono?"

"Hata mimi niliazimisha, Kapteni. Nenda kamuulize fundi wangu anapandaje ngazi za kwake."

Kapteni akarudi kwenye usukani. Shemeji akacheka kwa hasira. "Leo nitamwambia mdogo wako umeninyima saa."

"Mwambie. Mwambie na ulivyopanda. Sasa keti, uvute hii." Akamnyooshea barakoa ya oksijeni.

"Siumwi popote!"

"Ndiyo maana nakuomba. Ukianza kuumwa sitaomba."

Shemeji akampa mgongo. Dakika Tatu akavua saa yake, akaitia mfukoni, akafunga kifungo.

Baada ya dakika ishirini shemeji alianza kukanda bega la kushoto.

"Vipi?"

"Mkanda wa mtungi ulinibana."

Akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji, akakiinua kidogo, akakirudisha mezani. Dakika Tatu hakuuliza tena. Alimlaza chali, akamfunga barakoa, na safari hii hakubisha. Kapteni naye hakungoja kuambiwa. Alipiga simu hospitali, akaiarifu bandari kwamba boya halijawa tayari, akageuza boti. Meli ilitia nanga nje hadi asubuhi. Haikuzama kwa kungoja.

Hospitali walimwingiza kwenye chemba ya chuma, inayourudisha mwili kwenye mgandamizo kama wa chini ya maji na kuupunguza polepole. Daktari alikuwa na swali moja.

"Alizama tena baada ya hapo?"

"Hapana."

"Afadhali. Basi bega tutalishughulikia. Angerudi chini, huenda tungekuwa tunazungumzia miguu."

Mdogo wake alifika mbio, akamkuta dadake kwenye benchi. Alikuwa ameshasikia kila kitu kwa simu. Akaketi, akamwegemea.

Daktari aliporuhusu, baada ya wiki sita, shemeji alirudi kazini. Hakuomba radhi wala hakushukuru. Ni mtu wa namna hiyo, nami sitamsifu. Lakini kabla ya kushuka alipima pini mara mbili, kisha akampa Dakika Tatu naye aipime. Wakashuka pamoja. Wakati wa kupanda, mapovu yao yalikaa mahali pamoja kando ya kamba. Dakika ya tatu ikapita, na mapovu bado yapo palepale.

"Foleni imeongezeka mtu," Kapteni alisema.

Watu wakacheka, lakini vyakula vilibaki vimefunikwa mpaka wote wawili walipopanda.