Profesa wa Kadi ya Kwanza

Nimechoka kuchekwa, wacha niseme mwenyewe. Hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, mimi ndiye profesa wa bridge. Tukicheza karata kwa kibanda cha Atieno, nawafokea wote: "Upande ulioshindwa mnada ndio unatupa kadi ya kwanza, na kadi ya kwanza ndiyo inaua! Fikirieni, bana!"

Jumapili mimi na Atieno, upande mmoja, tulienda mtaa wa Olympic kucheza dhidi ya landilodi wangu na dadake. Watu wakatuzunguka. Mnada wa kuahidi nani atashinda mizunguko mingi ukapanda, ukaisha, lakini akili yangu ilikuwa kwa kadi ya kwanza tu. Hakuna aliyetupa kadi. Wananingoja, nikajua. Nitupe kopa? Hapana, landilodi anaitaka hiyo. Maua? Jasho likanitoka. Atieno akakohoa. Huyu naye ana haraka ya nini? Profesa haharakishwi!

Mwishowe nikainua shupaza juu, watu wote waione, nikaibamiza mezani. "Haya! Jibuni hiyo!"

Dadake landilodi, ambaye kumbe muda huo wote alikuwa akichagua kadi yake, aliinua macho akanitazama kama mtu aliyeingia choo kisicho chake.

"Profesa," Atieno akasema, "mnada tumeshinda sisi. Kadi ya kwanza ni ya huyu mama, na upande wetu nacheza mimi. Wewe kazi yako ni moja tu: weka kadi zako zote mezani, halafu unyamaze."