Kungoja Dhamana Iive

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mshauri wa fedha mjini Mtwara, kazi ambayo wengi waliidhani ni ya kukopesha. Nilikuwa na tai mbili na maneno mengi. Baba, aliyekuwa kuli bandarini, alipofariki, mafao yake yalimfikia mama kule Nanyamba, naye akaniuliza ayafanyie nini. Nikamshauri anunue dhamana ya serikali ya miaka mitano, yaani aikopeshe serikali kwa faida. Faida yake haikatwi kodi, nikasema, na serikali haikimbii.

"Na hela yenyewe naipata lini?"

"Ikiiva, mama."

Ndivyo tunavyosema ofisini. Mama alikuwa mkulima wa korosho tangu utoto, neno hilo lingemtosha, lakini kimbelembele changu kikaongeza: ni kama korosho, haichumwi mtini, inangojwa idondoke yenyewe. Akacheka, akasema leo nimesema la maana.

Mwaka wa pili salfa ya kupulizia mikorosho ilipanda bei. Wa tatu ikapanda tena. Faida ilikuja ileile kila nusu mwaka, bila kukatwa kodi, na kila ilipokuja ilinunua mifuko michache zaidi. Nilisoma kwamba nchi nyingine zina dhamana zinazopanda pamoja na bei. Kwetu hazikuwepo, na wateja wangu sikuwaambia. Ningewaambia ili iweje?

Kisha mama akaanza kujikwaa mchana kweupe. Daktari akasema ni presha ya macho, apasuliwe Dar es Salaam upesi, kwani kuona kukishapotea hakurudi. Akiba yangu nami nilikuwa nimeifungia humo humo, kwa jina la mama, na mshahara ulikuwa wa kula tu. Nikahangaika na simu mpaka nikapata mtu wa kuinunua dhamana ya mama kwa hasara. Kilichobaki ni dole gumba lake kwenye karatasi.

"Imeiva?" akauliza.

"Bado mwaka na nusu. Lakini macho, mama."

"Sasa unataka kuangua mbichi? Wanaoangua mbichi ni wezi. Baba yako kaacha hicho tu. Ngoja idondoke."

Nikambembeleza, nikamgombeza, nikamleta mjomba aseme naye. Nikakiri kwamba mfano wangu ulikuwa wa kipumbavu, dhamana si korosho. Akajibu kwamba nilisema la maana siku ile, sasa hofu inanichanganya. Nilitoka nikalia nyuma ya jiko, nikiuchukia ulimi wangu.

Dhamana iliiva. Fedha zikaja zote, tukaenda Dar. Daktari akammulika jicho moja, akammulika la pili, akaniambia tumechelewa.

Tulipofika tulikolala, mama akaomba hela zake. Akazipapasa noti moja moja.

"Hizi za elfu ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia.

"Basi nifundishe kuzijua kwa vidole," akasema. "Wewe utarudi kazini."