Rangi ya Meno ya Kwetu

Watu wakiniuliza kazi yangu, nikisema natengeneza meno ya bandia, hunijibu, "Kumbe daktari wa meno!" Hapana. Daktari wa meno anang'oa, anaziba, anachoma sindano. Mimi ni yule unayemjia daktari akishamaliza, huna tena hata jino moja la kutafunia mkate, umekaa kwenye kiti changu umeziba mdomo kwa kiganja. Hapa Uingereza sheria inaniruhusu kumpokea mtu asiye na meno kabisa bila kutumwa na daktari. Nachukua umbo la fizi zake, napanga meno kwenye nta, anayajaribu, kisha nayatengeneza kwa akriliki, ile plastiki ngumu, na kumvalisha. Kuanzia fizi tupu mpaka siku anapotafuna karanga, ni mimi peke yangu. Na nikisema peke yangu namaanisha hivyo hivyo.

Kliniki yangu iko Thornton Heath, kusini mwa London, si mbali na stesheni, kati ya saluni na duka linalouza ndizi mbichi na mihogo. Chumba cha mbele kina kiti cha mgonjwa, cha nyuma ndiyo karakana, na mimi nalala ghorofani hapo hapo. Kuna siku nashuka ngazi asubuhi, napanda ngazi jioni, na sauti pekee niliyoisikia ni ya mashine ya kusugulia. Kwenye rafu nimepanga vinywa vya plasta vya wagonjwa wangu. Nimeshawahi kuvisalimia. Anayetaka kucheka na acheke, lakini kwanza aishi zaidi ya miaka ishirini katika mji huu bila mtu wa kumwambia pole na kazi, halafu aje tuongee.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu hapa London. Nimezaliwa chini ya Mlima Meru, na maji ya kwetu yana madini yanayotia meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Si uchafu, jamani. Hata upige mswaki mpaka fizi zitoe damu, hayatakati. Nilipopelekwa shule ya bweni Dar es Salaam, wasichana wenzangu waliniuliza kama kwetu tunapigia mswaki chai ya rangi. Nikajifunza kucheka nimefunika mdomo. Nadhani hata ufundi huu niliusomea kwa hasira ile ile. Nilipopata kazi ya kwanza hapa, jambo la kwanza nililofanya ni kuyavika meno yangu ya mbele kauri nyeupe. Watu wananisifia nina meno mazuri, nami nasema asante, basi.

Mzee mmoja alikuja mwezi wa kwanza, siku ya baridi kali, amevaa koti refu na kofia ya sufu. Nilimwamkia kwa Kiingereza, yeye akasoma jina langu ukutani akanijibu kwa Kiswahili. Nilifurahi mno, mpaka nikasahau kumkaribisha kiti. "Shikamoo mzee," nikasema. "Marahaba, mwanangu." Akakaa, akatoa meno yake yote ya bandia, ya juu na ya chini, akayaweka kwenye kitambaa mapajani. Yalikuwa meupe pe, yametengenezwa vizuri. Niliyageuza nikitafuta kosa, sikuliona.

"Yanakuumiza?"

"Hayaniumizi. Natafunia hata nyama. Tatizo lake ni moja tu. Mke wangu hanijui nikiyavaa."

Akanieleza. Mke wake yuko Harrow, upande wa pili wa London, katika nyumba ya kulelea wazee iliyo karibu na kwa binti yao. Ana ugonjwa wa kusahau. Amesahau Kiingereza, amesahau wajukuu, amesahau kwamba yuko Ulaya. Lakini mama alikuwa hajamsahau mumewe. Kila alipoingia alimchekea, naye mama alijua nani kaingia. Kisha meno ya mzee yakaanza kulegea, yakang'olewa yote, akapewa haya meupe. Tangu siku hiyo mama anamwuliza, "Wewe nani?" Akimshika mkono anauvuta. Siku nyingine analia, na wauguzi wanamwomba mzee, kwa upole kabisa, asubiri nje. Kwa hiyo kila siku anapanda treni kutoka Thornton Heath mpaka Harrow, anakaa kwenye korido saa mbili tatu, halafu anarudi.

"Umejaribu kwenda bila meno?"

"Nilikwenda. Alinionea huruma, akamwambia muuguzi anitafutie chakula laini."

Tulicheka wote wawili. Kisha akaacha kucheka. "Nitengenezee meno ya kahawia," akasema. "Kama yale niliyozaliwa nayo kule Arusha. Yeye na mimi ni wa huko huko. Amenijua kwa meno yale tangu akiwa binti. Daktari wao anasema hakuna ajuaye akili yake itashika mpaka lini. Nataka anijue kabla haijazima kabisa. Sina haja nyingine."

Nilikasirika. Mpaka leo naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. "Mzee, watu wanakuja hapa niwape meno safi, wewe unataka nikuchafulie?"

Alinitazama. "Kuchafua? Wewe mwanangu ni mtu wa wapi?"

"Dar es Salaam," nikasema. Uongo mtupu, tena mbele ya mtu mzima wa umri wa baba yangu.

"Haya," akasema. "Dar es Salaam."

Nilikubali kazi kwa sababu sikuwa na jinsi ya kumkatalia. Nikamwambia ninavyowaambia wagonjwa wote: niletee picha ya zamani unayocheka, nione meno yalivyokaa. Wiki iliyofuata alileta bahasha nzima. Harusi, ubatizo wa binti, picha ya pasipoti, sikukuu mbele ya nyumba yao ya kwanza hapa London. Kote amefumba mdomo. Na mkewe, pembeni yake, amefumba vile vile. Ningejua bila hata kuifungua ile bahasha. Hakuna mtu wa kwetu wa umri wao aliyemwonyesha mpiga picha meno.

Binti yake alinipigia simu siku mbili baadaye. Alitaka kujua kwa nini nampaka baba yake meno kama yaliyooza, na watu kanisani watasemaje. Mimi nilisema Kiswahili, yeye akajibu kwa Kiingereza, na tulielewana vizuri sana, maana wote tulikuwa tunaona aibu ile ile. Hapo ndipo nilipoharibu.

Meno hupakwa rangi kwa brashi nyembamba yenye nywele chache, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linakaushwa kwa taa. Nilikuwa na kahawia, rangi ya kutu, na nyeupe ya chaki kwa yale mabaka. Nilijua hasa inavyotakiwa kuwa. Lakini kila nilipoishika brashi nilisikia wale wasichana wa bwenini. Nikapaka kidogo, nikafuta, nikapaka kidogo zaidi. Nilimtilia rangi kama mtu anayemtilia chumvi mgonjwa wa presha. Nikajiambia huo ndio ustaarabu wa kazi, ndiyo busara ya fundi.

Alipoyavaa alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. "Haya si yangu," akasema. "Haya ni ya mzungu mnywa chai."

"Mzee, rangi ikizidi itaonekana ugonjwa. Mimi ndiye fundi."

Akanishukuru, akavaa koti lake, akaenda.

Alirudi baada ya wiki mbili, amelowa mvua. Hakunisalimu. Alikaa kwenye kiti bila kuambiwa. "Siku ya kwanza alinitazama sana," akasema. "Nikadhani inakuja. Nikacheka zaidi, nikamsogelea. Akaniita daktari, akaniuliza kama nimemletea dawa. Nikaendelea kwenda, labda atazoea. Sasa chakula hakili vizuri. Vijiko viwili vitatu, anasukuma sahani." Alivua kofia akaikamua maji sakafuni, jambo ambalo siku nyingine ningemgombeza. "Wiki mbili, mwanangu. Mimi nina wiki mbili za kuchezea?"

Laiti angenifokea. Angenifokea ningemjibu, mdomo ninao. Lakini alisema polepole, nami nikabaki nimesimama na glovu mkononi. Aibu yangu ilikuwa imekula siku za mtu mwingine.

Nikamchukua mpaka karakana, mahali ambapo simruhusu mgonjwa yeyote, nikamwekea kigoda kando ya meza yangu. "Mzee," nikasema, "mimi si wa Dar es Salaam."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Mtu wa Dar angeniuliza kwa nini meno yetu yako hivyo. Wewe hukuuliza." Akanigusa bega. "Mkataa kwao mtumwa, mama. Washa taa yako tufanye kazi."

Basi akayavua, tukafanya kazi. Picha yenye meno hatukuwa nayo, kwa hiyo nilipaka kwa kumbukumbu ya mdomo wa mama yangu, na yeye akanielekeza yalipotofautiana. Hapa mstari. Hapa kovu jeupe. Zaidi. Zaidi, usiogope. Jino la pembeni lilikuwa jeusi kuliko mengine, tia kutu. Nikamwuliza amejuaje meno yake hivyo wakati maisha yake yote alifumba mdomo.

"Nje tulifumba," akasema. "Nyumbani tulicheka. Yeye ndiye aliyekuwa akinitania, hili limefanya hivi, hili limefanya vile. Na mimi nikimtania ya kwake."

Nilimwonea wivu, siwezi kuficha. Huyu mtu alikuwa amekaa London miaka mingi kuliko mimi, na miaka yote hiyo alikuwa na nyumba ya kuchekea. Mimi nilijipa meno ya kumwonyesha kila mtu, na nikifunga mlango jioni sina wa kumchekea. Nikaendelea kupaka. Hakuniuliza kitu, na nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Alipoyavaa, akageuka akanichekea. Mungu wangu! Niliwaona wajomba zangu, niliwaona wazee wa kanisani kwetu, nilimwona mama yangu. Ilibidi niende chumba cha mbele nijifanye natafuta kioo. Nilipofika huko nililia, kisha nikanawa uso, nikarudi na kioo.

"Hayo ndiyo," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Nisindikize Harrow. Naogopa kwenda peke yangu."

Tulikwenda Jumamosi. Treni mpaka Victoria, kisha za chini ya ardhi mbili, ile ya pili ya njia iitwayo Metropolitan. Njia nzima alifumba mdomo, kwa mazoea, hata nilipomwuliza kitu alijibu kwa kichwa. Tulipotoka stesheni alisimama mara mbili kupumua. Nyumba yenyewe ilikuwa safi, yenye joto, ikinuka kabichi na sabuni ya sakafu. Muuguzi mmoja alitwambia asubuhi mama hajataka kula kitu, akampa mzee bakuli la uji wa shayiri, akamwambia ajaribu bahati yake. Alimhurumia, ilionekana.

Mama alikuwa amekaa dirishani, kitenge magotini, mikono imelala juu yake. Mdogo sana. Mzee alisimama mlangoni na lile bakuli. Hakumwita. Alicheka tu, meno yote nje, kicheko ambacho naamini hakuna mtu mwingine aliyewahi kukiona. Mama akageuka. Alitazama uso, akatazama mdomo, akarudi kwenye uso. Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango, naomba kwa lugha zote ninazozijua.

Uso wa mama ukafunguka. "Kaka!" akasema. "Kaka yangu! Umekuja!"

Nilimwona mzee akisita, kama hatua moja hivi. Kaka mkubwa wa mama, aliniambia baadaye, walimzika kabla wao wawili hawajaoana. Lakini wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba hilo silo jina lililotakiwa. Kisha mzee akaingia, akavuta kiti.

"Nimekuja," akasema.

"Mama hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anakusalimu."

Mama mwenyewe, bila kuombwa, akaushika mkono wa mzee, akauweka kwenye kitenge. Akamwuliza habari za ng'ombe, mvua, shamba la kahawa. Mzee akajibu kila kitu. Ng'ombe amezaa. Mvua ni nzuri mwaka huu. Alimlisha kijiko cha kwanza, akala. Cha pili, cha tatu, cha kumi. Muuguzi alichungulia mlangoni akaninyanyulia dole gumba, nami nikamwitikia kwa kichwa, maana ningemwelezaje?

Bakuli lilipokaribia kwisha, mama alisogeza kichwa karibu na cha mzee na kushusha sauti, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

"Kaka, ukirudi nyumbani mwambie mume wangu aje anichukue. Mwambie namsubiri, nimechoka kusubiri. Kuna mzee mmoja mwenye meno meupe, kila siku anakuja hapa anajifanya ndiye yeye. Nilimfukuza."

"Ulifanya vizuri," mzee akasema.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia, mdogo wangu," akasema, akachota kijiko cha mwisho.